Akodiani Chini ya Kelele: Hotuba Kuhusu Bendi ya Chini kwa Chini ya Novi Sad

Maneno haya niliyasema Nairobi, mbele ya mkusanyiko wa wapenzi wa muziki mzito. Wengi waliokosa nafasi au nauli wameniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi vijana mlionipa shikamoo pale mlangoni, marahaba, marahaba tena.

Nimekuja na kaseti moja. Hii hapa, iangalieni. Ni kaseti ya dakika 60, ya kahawia, na jalada lake lina picha ya mwimbaji wa nyimbo za vijijini vya Serbia, uso wake umefutwa kwa wino mweusi. Nimetoka nayo Novi Sad, mji wa Serbia, mwaka 1995, nikaivusha hadi Unguja, ikakaa kwenye mkebe wa biskuti miaka yote hii. Ndani yake mna nyimbo 31. Ndefu kuliko zote ina dakika moja na sekunde chache. Fupi kuliko zote ina sekunde tisa.

Nani humu ndani amewahi kuzungusha kaseti kwa kalamu ya biki? Nyosheni mikono. Naona wazee watatu na mama mmoja kule nyuma. Ahsanteni. Ninyi mtanisaidia kuwafafanulia hawa watoto.

Nilifika Yugoslavia, nchi iliyozikusanya Serbia, Kroatia, Slovenia na nyinginezo kabla haijavunjika, Septemba 1989, kijana wa miaka 21, nimepata nafasi ya kusomea kilimo. Nchi ile ilikuwa rafiki wa nchi zetu tangu mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika Belgrade, mji wake mkuu, mwaka 1961, na kwenye mabweni ya Novi Sad ungemkuta Mwafrika, Mwarabu na Mhindi wakigombea jiko moja. Mimi nilikuwa mtu wa taarabu. Nimekulia mtaa ambao jioni unasikia fidla na akodiani kutoka dirisha la jirani. Kelele sikuzijua. Mwenzangu wa chumbani, Mserbia mpole aliyekuwa akinifundisha lugha yao kwa kunisomea gazeti, alikuwa na mdogo wake. Mdogo huyo alikuwa mpiga drams.

Siku moja akaniweka chini akaniambia sikiliza. Akabonyeza. Ndugu zangu, nilidhani redio imeharibika! Nikanyoosha mkono niizime, akanishika kifundo. Akasema hiyo ni bendi ya Kiingereza, inaitwa Napalm Death.

Wengi wenu mnaijua kuliko mimi, lakini acheni niwasimulie kama nilivyosimuliwa, maana vijana wa Novi Sad walikuwa wakikisimulia kisa hiki kama sisi tunavyosimulia visa vya manabii. Napalm Death ilianza mwaka 1981 katika kijiji cha Meriden, karibu na Birmingham, mji wa viwanda. Walioianzisha walikuwa watoto wa skuli. Walipiga panki kama wenzao, kisha mwaka hata mwaka wakaongeza kasi, mpaka akaja mpiga drams aitwaye Mick Harris, ambaye ndiye anayetajwa kuwa aliupa muziki huu jina lake, graindikoo. Agosti 1986 waliingia studio ya Birmingham wakarekodi kwa gharama ya paundi 50 hivi. Hiyo ikawa upande wa kwanza wa albamu yao. Upande wa pili ulirekodiwa Mei 1987, na kati ya siku hizo mbili bendi ilikuwa imemeguka hata aliyebaki pande zote mbili ni Harris peke yake. Albamu ina nyimbo 28 kwa dakika 33 hivi. Mmoja wao una sekunde moja na kidogo tu, umeingia kwenye kitabu cha rekodi za dunia. Na mtangazaji wa BBC, John Peel, mtu mzima mwenye watoto, akaupiga wimbo huo redioni.

Sasa, kwa nini nawaeleza hesabu za Birmingham wakati nimeitwa kuzungumzia Serbia? Kwa sababu ya zile paundi 50. Kijana wa Novi Sad aliposikia kwamba kitu kilichomtikisa hivi kimetengenezwa na wenye njaa, kwa bei ya viatu, mdomo wake ulikosa kisingizio.

Na tuelewane kuhusu muziki wenyewe, maana humu wamo mama zetu waliokuja kuwasindikiza watoto. Mpiga drams wa dansi anakupa mapigo unayoweza kuyahesabu kwa mguu. Huyu wa graindikoo anapiga ngoma ya mguu, ngoma ndogo na toazi kwa kupokezana haraka hata sikio linaacha kuhesabu, linasikia kama mvua ya mawe juu ya bati. Magitaa yamelegezwa nyuzi ili sauti ishuke. Mwimbaji ana sauti mbili, moja ya kunguruma kutoka tumboni na nyingine ya kupasua koo. Maneno huyasikii hata ukiwa Mserbia. Lakini yapo! Yalikuwa yakiandikwa kwenye karatasi, yanatolewa nakala, yanakunjwa ndani ya kaseti kwa herufi ndogo kama za dawa ya hospitali. Karatasi ya kaseti hii ninayo. Nyimbo 31, na karibu nusu yake zinakataa vita.

Bendi yenyewe ilianza vuli ya 1990, vijana wanne. Sitaitaja jina. Wawili kati yao wana maisha mengine kabisa leo, na waliniomba hivyo. Walifanya mazoezi chini ya jengo la ghorofa, chumba cha kuhifadhia kuni na mitungi ya pilipili ya kuchachusha, kwa sababu Vojvodina, jimbo la kaskazini mwa Serbia ulipo mji huo, kila nyumba huhifadhi pilipili kwa ajili ya baridi. Ukutani walitundika mablanketi. Ngoma ya mguu ilikuwa na kanyagio lililofungwa kwa mnyororo wa baiskeli. Kipaza sauti kimoja. Hawakuwa na mwalimu. Hawakuwa na fundi mitambo, wala hapakuwa na kampuni ya kuwatazama, maana kampuni kubwa za rekodi za nchi ile, Jugoton ya Zagreb, Kroatia, na PGP ya Belgrade, zilikuwa na waimbaji wao.

Walikuwa na nini basi?

Walikuwa na posta.

Hapa nataka mnisikilize kwa makini, maana ninyi mnatuma wimbo kwa kidole na unafika Brazili kabla hujaweka simu chini. Wao walikuwa na bahasha. Ulikuwa ukimwandikia mtu Ubelgiji ambaye hujawahi kumwona, unamtumia kaseti yako, naye anakutumia yake pamoja na vikaratasi vya anwani za watu wengine kumi, nawe unavipachika vikaratasi hivyo kwenye barua zako zijazo. Bendi ilijulikana kwa vikaratasi hivyo kabla ya kusikika. Na Yugoslavia yenyewe ilikuwa na wenzao. Zagreb kulikuwa na Patareni, waliokuwa wakipiga kelele za namna hii tangu miaka ya 1980 na wakaja kutoa rekodi ya ubia na bendi ya Agathocles ya Ubelgiji. Kula, mji mdogo tu wa Vojvodina, ulikuwa na bendi ya hardkoo, yaani panki ya kasi zaidi, iliyoitwa Hoću? Neću!, yaani “Nataka? Sitaki!” Jina kama hilo angelitunga hata mtoto wa Michenzani.

Stempu zilikuwa ghali kwa vijana wasio na kazi. Basi walikuwa wakizipaka sabuni ya mche, safu nyembamba, ikauke. Muhuri wa posta ukigonga, unagonga juu ya sabuni. Anayepokea barua anazibandua stempu, anaziosha kwa maji, muhuri unatoka, anazirudisha. Kila barua iliishia na ombi lile lile: nirudishie stempu zangu. Najua ni kosa, na mimi mwenyewe nimepaka sabuni nyingi tu. Nazisema hizi kwa sababu muziki mzima wa aina hii, kutoka Zagreb hadi Birmingham hadi Liège, ulisafiri juu ya uaminifu wa mtu usiyemjua kwamba atakurudishia stempu yako.

Halafu ikaja 1991.

Juni vita vilianza Slovenia, vikaingia Kroatia. Mji wa Vukovar uko kandokando ya mto Danube, na maji yanayopita Vukovar ndiyo yanayofika Novi Sad. Tangu Agosti hadi Novemba mji ule ulikuwa umezingirwa, unapigwa mizinga, na sisi tulikuwa tukivuka daraja kwenda darasani tukiyaangalia maji yale yale. Hakuna aliyeoga mtoni vuli ile. Wanaume wa Vojvodina walikuwa wakiitwa jeshini kwa karatasi za mlangoni. Mpiga besi wetu alilala nyumba tofauti kila usiku kwa wiki sita, kisha akavuka kwenda Hungaria na begi la mgongoni. Besi aliiacha. Mwimbaji akajifunza kupiga besi huku akiimba.

Na posta? Barua za moja kwa moja kati ya Serbia na Kroatia zilikatika, simu zikakatika. Watu wa amani wa pande zote mbili walilazimika kupitisha ujumbe wa kompyuta kutoka Zagreb hadi Belgrade kwa njia ya Bielefeld, Ujerumani, kwa mtandao ulioitwa ZaMir, maana yake “kwa ajili ya amani”. Vijana wetu hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na mpiga besi mkimbizi Hungaria! Barua ya Zagreb ilikwenda kwake, akaitoa kwenye bahasha moja akaiingiza kwenye nyingine, akaituma Novi Sad. Kaseti ya Patareni ilitufikia kwa njia hiyo mwezi Februari 1992, ndani ya soksi. Nilikuwepo ilipofunguliwa. Wakati televisheni inatuambia kila usiku kwamba kule kuna maadui tu, sisi tunasikiliza adui amerekodi nini jikoni kwake, na tunakuta karatasi inayosema hataki vita hivi.

Mwezi uliofuata, tarehe 8 Machi 1992, wanamuziki wakubwa wa Belgrade, kutoka Ekatarina Velika, Električni Orgazam na Partibrejkers, walipanda lori kwa jina la Rimtutituki wakazunguka mji wakipiga wimbo wa kuomba amani. Redio B92, stesheni huru ya Belgrade, ilikuwa nyuma yao. Vijana wetu walipanda treni kwenda kulitazama lori hilo, na mpiga drams alirudi amekauka sauti kwa kushangilia watu ambao muziki wao alikuwa akiudharau.

Tarehe 30 Mei mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 757 juu ya nchi ile. Vikwazo. Mafuta, biashara, ndege, michezo, na hata ushirikiano wa kitamaduni. Petroli ikawa inauzwa barabarani kwenye chupa za soda. Nyuzi za magitaa zikatoweka madukani. Sasa niwaulize wapiga besi waliomo humu: uzi wa besi ukichakaa unafanyaje? Wao waliuchemsha. Unauzungusha, unautia sufuriani na maji na siki kidogo, unachemka robo saa, uchafu wa vidole unatoka, na sauti inarudi kwa wiki mbili. Sufuria ilikuwa ya mama wa mpiga drams, ile ile ya supu, na yule mama alilalamika mwaka mzima huku akiwasha jiko mwenyewe.

Kaseti tupu nazo hazikununulika. Hapo ndipo Mzanzibari alipopata kazi kwenye bendi ya graindikoo. Sisi nyumbani tulikuwa tukijua tangu utotoni kwamba kaseti ya dukani ina vitobo viwili juu, na ukiviziba unaweza kurekodi juu yake. Tuliziba kwa karatasi iliyotafunwa au kwa selotepu. Nikawaambia: nyumba za bibi zenu zimejaa kaseti za nyimbo za kijijini, si ndiyo? Zilijaa. Tukakusanya 40. Tukaziba vitobo. Mtamwona kwenye jalada yule mwimbaji aliyepakwa wino, na mimi ndiye niliyempaka.

Walirekodi Novemba 1993, chini kwenye pilipili, kwa redio kaseti mbili. Kwa nini nyimbo fupi hivi? Umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu. Ukianza wimbo wa dakika tano huna hakika ya kuumaliza. Najua graindikoo ilikuwa fupi tangu Birmingham, lakini pale chini niliona ufupi ule umepata sababu yake.

Mwezi uliofuata serikali ilitoa noti ya dinari bilioni 500. Sikukosea, bilioni 500 kwenye karatasi moja. Juu yake walichapa sura ya Jovan Jovanović Zmaj, mshairi aliyezaliwa Novi Sad mwaka 1833, aliyewaandikia watoto mashairi ambayo kila Mserbia ameyasoma darasa la kwanza. Januari 1994 bei zilipanda asilimia milioni 313 ndani ya mwezi mmoja. Mshahara wa mwalimu ulikuwa ukifa kati ya dirisha la benki na duka la mikate. Bendi ilikuwa ikiuza kaseti kwa kubadilishana: kaseti moja kwa betri mbili, au kwa stempu, au kwa kilo ya viazi. Kwenye daftari lao la mauzo hakuna fedha hata mstari mmoja.

Onyesho ninalolikumbuka kuliko yote lilikuwa majira hayo ya baridi, kwenye ukumbi wa mtaa ambao mchana wazee walikuwa wakicheza sataranji. Tulikuwa watu 30 na makoti. Wimbo wa nne, umeme ukakatika. Giza. Magitaa yakanyamaza. Mpiga drams hakunyamaza. Ngoma haihitaji waya, ndugu zangu! Mwimbaji akatupa kipaza sauti akaendelea kwa koo tupu, mpiga gitaa akaanza kugonga kiti cha chuma, na sisi 30 tukagonga kilichokuwa karibu. Mimi niligonga ubao wa sataranji. Tulimaliza nyimbo zote zilizobaki hivyo hivyo, hatuonani. Nje theluji, na televisheni za majirani zimezimika pamoja na taa, kwa hiyo usiku ule hakuna aliyesikia taarifa ya habari. Walitusikia sisi.

Niliondoka 1995. Yaliyofuata nayajua kwa barua, kwa hiyo nitayapita haraka, isipokuwa moja. Vikwazo vilisimamishwa Novemba mwaka huo. Mwaka mmoja baadaye serikali ilikataa ushindi wa wapinzani kwenye uchaguzi wa miji, na watu wakaingia mitaani majira yote ya baridi ya 1996 hadi 1997. Belgrade ilikuwa na desturi: saa moja na nusu jioni, taarifa ya habari ya televisheni ya serikali inapoanza, watu wanafungua madirisha wanagonga masufuria, wanapuliza filimbi, wanapiga honi, ili sauti ya msomaji isisikike. Desturi hiyo ilikuwa na jina: Buka je u modi. Kelele ndiyo fasheni. Mpiga drams alikuwa amehamia Belgrade kutafuta kazi. Aliniandikia kwamba amesimama dirishani na vijiti vyake na sufuria ya supu ya mama yake, na kwamba mji mzima umejiunga na bendi bila kuomba ruhusa.

Barua ile niliisoma Forodhani, nikalia.

Baada yake ilikuja 1999, mabomu ya NATO, madaraja yote matatu ya Novi Sad yakaanguka mtoni kati ya tarehe 1 na 26 Aprili. Jengo lenye kile chumba cha chini lilipona. Mwaka 2000 wanafunzi wa Novi Sad walianzisha tamasha la Exit, ambalo leo linajulikana Ulaya nzima. Bendi yetu haikupanda jukwaa lile. Ilikuwa imekwisha tangu 1996, bila ugomvi.

Kuna aliyeniuliza pale nje kwa nini mzee wa Unguja aje Nairobi na kisa cha Waserbia. Nimekuja kwa sababu ya bendi yenu, Duma. Vijana wenu wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, walirekodi Kampala, na mwaka 2020 kampuni ya rekodi ya huko, Nyege Nyege Tapes, wakaitoa albamu yao. Mjukuu wangu alinisikilizisha akinitania. Alidhani nitaziba masikio. Sisi wa pwani tukisikia duma tunamwona mnyama, kumbe kwa Kikuyu ni giza. Niliposikia jina hilo na kelele zile nilirudi kwenye ukumbi wa sataranji, gizani, na ubao mkononi. Nikautafuta mkebe wa biskuti.

Fundi, chukua kaseti. Taratibu, mkanda ni wa zamani. Upande wa pili, nyimbo sita za mwisho.

Kabla hajabonyeza, niwaambie kitu kimoja. Wimbo wa mwisho unakatika ghafla, kwa sababu umeme ulikatika kweli. Juu ya kipande cha mkanda kilichobaki hawakurekodi chochote. Kwa hiyo kelele zikikoma msiinuke, subirini sekunde mbili. Mtasikia akodiani. Ni yule mama wa jaladani, niliyempaka wino, bado anaimba.